"EI" YA APPLE IKO WAPI? WATOTO WETU SI WAJINGA



Katika kurasa hizi tumezoea kusema juu ya mishahara, saa za kazi, na mikataba ambayo mtu huitia sahihi bila ya kuisoma. Leo twataka kusema juu ya herufi tano: a, e, i, o, u. Wako watakaotucheka. Watasema, chama cha wapagazi, mabaharia, mafundi, watumishi wa hoteli na walimu kimekwishiwa na mambo hata kimeanza kufundisha watoto kusoma. Na wacheke. Sisi twaona ya kuwa mkataba usiosomwa bandarini mwaka huu ulianza kutosomwa miaka ishirini nyuma, darasani, siku mtoto wa miaka sita alipoonyeshwa neno "name", akasoma "na-me", darasa zima likaangua kicheko, naye tangu siku hiyo akafunga mdomo.

Neno letu ni hili. Mtoto wa Amu, wa Shela, wa Pate, wa Siyu, wa Faza au wa Kizingitini hana upungufu wowote wa akili. Anaingizwa katika Kiingereza kwa mlango wa uani. Anakaririshwa majina ya herufi badala ya sauti zake. Anaambiwa "a ndefu" wala haambiwi ndefu maana yake nini. Na anayemfundisha ni mwalimu aliyeachwa peke yake na watoto wengi na mshahara haba. Kisha akishindwa lawama humwangukia yeye, na mamake, na chuo chake cha Kurani.

Sikilizeni penye shule yoyote ya watoto wadogo, ya kaunti au ya mtu binafsi. Mtasikia wakiimba kwa sauti moja: "ei for apple, ii for elephant, ai for ink, ou for orange, yuu for umbrella." Mzazi apitaye dirishani hufurahi, akasema mtoto wangu ajua Kiingereza. Basi tuulizane: hiyo "ei" iko wapi ndani ya "apple"? Neno "apple" halianzi kwa "ei". Laanza kwa sauti iliyo karibu na a yetu, mdomo ukipanuliwa kidogo. "Elephant" haina "ii" mbele yake, ina e kama ya embe. "Ink" haina "ai". "Orange" haina "ou". "Umbrella" haina "yuu". Irabu tano, mifano mitano, na hata mmoja haukubaliani na jina linaloimbwa! Karani wa ghala akiandika magunia matano, na yote matano yakawa si yale yaliyomo mashuani, hafiki jioni na kazi yake. Lakini wimbo huu umeimbwa miaka na miaka na hakuna aliyeulizwa.

(Tena hilo tufaha lenyewe, ni mtoto yupi wa Ndau aliyeliona mtini? Lakini hilo twaliacha, maana embe kwa Kiingereza laanza na m.)

Haya, mtoto ajuaye majina tu mpeni neno "bat". Atafanya kama alivyofundishwa: "bii-ei-tii". Ayaunganishe vipi hata itoke "bat"? Haitoki, hata ukesha. Basi hufanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: hulitazama neno kama picha, akalikariri zima zima. Maneno ishirini huyakariri, na hamsini pia. Yakifika mamia ghala imejaa, na hapo ndipo ripoti inapokuja nyumbani imeandikwa ya kuwa mtoto ni dhaifu, mzazi amtilie mkazo. Mzazi naye humtilia mkazo kwa fimbo.

Lakini mtoto yule yule mpeni Kiswahili. Ba, be, bi, bo, bu. Ma, me, mi, mo, mu. Akishika silabi, mlango umefunguka, akasoma baba, bibi, mama, mbuzi, na neno ambalo hajapata kuliona maishani mwake atalisoma. Herufi yetu ya irabu ina sauti moja, na haiachi: a ni a mwanzoni, katikati na mwishoni. Kiingereza kina herufi zile zile tano za irabu, lakini sauti za irabu zake zakaribia ishirini. Herufi tano zinafanya kazi ya watu ishirini. Sisi twajua kazi ya namna hiyo huzaa nini.

Tena mtoto wetu haji shuleni mikono mitupu. Nyumbani asema nti, ndia, mato, moya, yeo. Kitabu chamwambia nchi, njia, macho, moja, leo. Ndivyo ilivyokuwa tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe lugha ya vitabu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Hatulii juu ya hilo, maana Kiswahili kimoja cha vitabu kimewafaa wafanya kazi wa Afrika Mashariki yote. Twalitaja ili muone ya kuwa mtoto wa Kiamu, tangu siku ya kwanza, ahama kutoka sauti moja mpaka nyingine, wala haanguki. Kichwa kilichoweza hilo chaweza na "cap" na "cape", kikionyeshwa njia.

Na chuoni je? Hapa twataka tusikilizwe vizuri, kwa kuwa wako wanaosema chuo ndicho kinachowapumbaza watoto wasishike Kiingereza. Mtoto wa miaka mitano au sita chuoni amekwisha kujua ya kuwa fat-ha peke yake ni a fupi, na ikifuatwa na alifu huvutwa. Kasra hufuatwa na ya, dhumma hufuatwa na wau. Huvuta kwa kipimo, harakati mbili, na akizidisha au akipunguza mwalimu humrudi. Juu ya irabu fupi na irabu ndefu, mtoto huyu ajua zaidi ya watoto wengi wa London wa umri wake. Kisha asubuhi aingia shule, aambiwa neno "cape" lina "a ndefu". Naye, kwa adabu na kwa elimu yake, aivuta: "kaaap". Aambiwa kosa. Aivuta zaidi. Aambiwa kosa tena.

Kumbe katika Kiingereza cha shule "ndefu" si kuvuta. Ni sauti nyingine kabisa. A ya "cap" ukiivuta mpaka Manda haitakuwa a ya "cape". Jina hilo la "ndefu" limebaki kutoka zamani. Katika miaka ya 1300 Mwingereza mwenyewe neno "name" alilitamka kwa a ya kuvutwa kwelikweli, na ile e ya mwisho ikisikika. Kisha, baina ya miaka ya 1400 na 1700, irabu zake ndefu zikahama mahali pake kinywani, moja baada ya nyingine. Lakini mtambo wa kupiga chapa ulikuwa umekwisha kuingia Uingereza, ulioletwa na William Caxton mwaka 1476, na namna ya kuandika ikaanza kuganda. Maandishi yakakaa, midomo ikaenda. Basi mtoto wa Lamu asomaye "na-me" asoma karibu na Kiingereza cha miaka 600 na zaidi iliyopita. Kosa lake ni kuchelewa kuzaliwa tu.

Twamwomba mwalimu aache neno "ndefu", au alieleze. Amwambie mtoto: hapa herufi yajitaja jina lake. Na sauti hizo karibu zote tunazo nyumbani. "Ei" ya "cake" ni ile ya bei. "Ii" ya "tree" ni ile ya hii. "Ai" ya "time" ni ile ya chai. "Yuu" ndiyo tamu zaidi, kwa kuwa Mwamu asema yuu pale ambapo kitabu kinasema juu, na kumbe amekuwa akitaja jina la herufi ya Kiingereza tangu alipojifunza kusema. "Ou" ya "home" peke yake ndiyo ngumu, hatuna neno lake zuri, na hapo mwalimu ainame afanye kazi. Sauti moja ngumu kati ya tano si msiba.

Iko na ile e ya mwisho, katika "cape" na "time" na "home". Haisemi neno. Yakaa mwisho wa mstari kama msimamizi kivulini, mikono mfukoni, lakini kwa sababu ipo, irabu iliyo nyuma yake yabadili kazi. Mtoto wa mfanya kazi akielezwa hivyo huelewa mara moja. Asipoelezwa, hutumbukia katika shimo ambalo mtoto wa Kiingereza halijui. Tazameni maneno haya: pale, vile, wake, lake, pole, tone, mate. Mtoto wetu wa Gredi ya Kwanza huyasoma yote, safi kabisa, na kila moja lina maana kwake. Kwa Kiingereza herufi ni zile zile, na kila neno ni jingine: "pale" ni rangi iliyofifia, "vile" ni kitu kiovu cha kuchukiza, "wake" ni kuamka, "lake" ni ziwa, "pole" ni mti mrefu kama pondo la mashua, "tone" ni mlio wa sauti. Na "mate", ambayo kwetu ni kitu cha kutema, kwao ni mwenzako wa kazi! Mtoto aliyesoma "ma-te" hakukosa kusoma. Amesoma sawa lugha isiyotakiwa saa ile. Mwalimu aliyefundishwa kazi yake atalijua hilo na kucheka pamoja naye. Asiyefundishwa atamwandikia alama ya kosa.

Na yako mengine yasiyo ya macho bali ya masikio. Kiswahili kina i moja. Kiingereza kina mbili, ya "ship" na ya "sheep", nazo kwa sikio letu ni moja. Katika visiwa ambavyo mtu hazaliwi wala hazikwi bila ya chombo, si aibu kumwambia mtoto ya kuwa ameandika kondoo ametia nanga? Basi afundishwe kusikia kwanza. Asimame mwalimu aseme neno, watoto waonyeshe kidole meli au kondoo, dakika tano kila siku, bila kitabu. Hali kadhalika "cap" na "cup", "full" na "fool". Haya hayahitaji fedha za wafadhili. Yahitaji mwalimu aliyeonyeshwa ya kuwa yako.

Msidhani ya kuwa wenyewe Waingereza wanaiona kazi hii rahisi. Mwaka 2003 wataalamu waliokuwa pamoja na Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee walitoa hesabu ya watoto wa nchi nyingi za Ulaya, baada ya mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Wa Ufini walisoma sawa maneno ya kawaida 98 katika 100. Wa Hispania 95. Wa Uskoti, wasomao Kiingereza ambacho ni lugha ya mama yao, walisoma 34. Hao ni watoto waliolala na kuamka katika Kiingereza! Na Kiswahili, kwa uandishi wake, kiko upande wa Kifini na Kihispania. Baada ya kuona taabu hiyo, Uingereza mwaka 2006 ilipokea ripoti ya Jim Rose iliyosema watoto waanze kwa sauti za herufi na kuziunganisha, na tangu 2012 mtoto wa miaka sita shuleni huko hupimwa katika jambo hilo hilo. Wenye lugha wameacha kukaririsha. Sisi tuliokopa lugha bado twaimba "ei for apple".

Serikali zetu nazo zimeyumba. Mwaka 1957, mwaka ule ule Chama cha Walimu, KNUT, kilipozaliwa, jaribio lilianza Nairobi katika shule ya Wahindi la kufundisha kila kitu kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwaka 1964 Tume ya Ominde ikapendelea njia hiyo kwa nchi nzima. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ikasema la, miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali pake, na Kiingereza kiwe somo. Mtaala mpya ulioanza katika shule zote mwaka 2019 umesema hivyo hivyo: lugha ya mahali mpaka Gredi ya Tatu, kisha Kiingereza tangu Gredi ya Nne. Katika karatasi twakubaliana nao. Lakini karatasi ya Nairobi haivuki maji peke yake. Lugha ya mahali petu ni Kiswahili, na si ya kutafutiwa vitabu kama zile lugha zisizo na vitabu. Hakuna wilaya yenye udhuru mdogo kuliko wetu. Na bado watoto wa miaka minne huimbishwa Kiingereza ambacho hata mwimbishaji hakupewa nafasi ya kujifunza vilivyo.

Katika mwaka 2015 ulianza mpango wa Tusome, kwa fedha za Marekani na Uingereza, katika shule za umma nchini kote. Tuseme haki: mpango ule ulileta kitabu kwa kila mtoto badala ya kitabu kimoja kwa kundi, ulifundisha sauti za herufi, na ulituma watu kumtembelea mwalimu darasani kumsaidia. Hayo ni mambo ambayo walimu walikuwa wakiyaomba siku zote. Hatukupenda ya kuwa Kiingereza na Kiswahili vilianzishwa pamoja, mguu kwa mguu, tangu darasa la kwanza, na ya kuwa mwongozo wa mwalimu ulikuwa ule ule Nairobi, Turkana na Lamu, kana kwamba mtoto wa Faza na mtoto wa Kibera wana masikio mamoja. Lakini kasoro hizo zingerekebishika. Lisilorekebishika ni kujenga elimu ya watoto wetu juu ya mfuko wa mtu mwingine. Shirika la Marekani la misaada, USAID, lilifungwa mwaka 2025, na mtoto wa Gredi ya Kwanza hawezi kungoja mpaka wakubwa wa mbali wapatane.

Sasa twarudi kwetu, kazini. Mwezi wa Machi 2012 marais walikuja Magogoni kuanzisha bandari mpya, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Tangazo la hatari, fomu ya kuomba kazi, barua ya kusimamishwa, karatasi ya bima: yote hayo mfanya kazi huyakuta kwa Kiingereza. Wavuvi wetu walikwenda mahakamani mwaka 2012, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua ya kuwa wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76. Ulikuwa ushindi mkubwa, nasi twawapa mkono. Lakini hukumu yenyewe ni kurasa kwa kurasa za Kiingereza. Wenye haki wangapi waliisoma kwa macho yao? Walio wengi walisimuliwa. Na mtu anayesimuliwa haki yake hupata ile sehemu ambayo msimulizi amependa kumsimulia.

Ndiyo maana hatusemi Kiingereza kiachwe. Wako wanaotuzulia hivyo. Katiba ya 2010 imeifanya Kiswahili lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza zote mbili lugha rasmi, na twazitaka zote mbili kwa watoto wetu. Tusilotaka ni mtoto kuzikosa zote mbili. Afikapo Gredi ya Nne, sayansi ni Kiingereza, hesabu ni Kiingereza, dunia nzima imegeuka. Akiwa hajashika kusoma, hapo hazami kwa kelele. Azama kimya, nyuma ya darasa, na miaka michache baadaye mwamkuta anavuta mkokoteni na mwasema hakupenda shule.

Wazazi wengi, na katika hao wanachama wetu, huona taabu hii, wakajinyima na kumpeleka mtoto katika shule ya kulipia iliyoandikwa mlangoni Kiingereza tu. Hatuwalaumu. Baba akiona mtumbwi wavuja hutafuta mwingine. Lakini waulize swali moja kabla ya kutoa karo: mtoto wangu mtamfundisha sauti, au majina? Wakikujibu kwa kumwita mtoto akuimbie "ei, bii, sii", fedha yako ina kazi nyingine. Na mtoto kukatazwa Kiswahili uwanjani hakumfanyi ajue Kiingereza. Kunamfanya anyamaze.

Tumefika kwa mwalimu. Lawama zote tulizozitaja juu hatukuzitupa kwake. Somo moja katika madarasa ya chini ni dakika 30. Mpeni mwalimu watoto 60, na kila mtoto apate zamu yake ya kusikilizwa akisoma: ni nusu dakika kwa kila mmoja, ikiwa mwalimu mwenyewe hasemi neno, haandiki ubaoni, wala hakuna anayeomba ruhusa ya kutoka. Sauti za irabu hazifundishwi kwa kwaya. Katika kwaya watoto kumi wenye kujua huwaficha hamsini wasiojua. Lazima mtoto asikilizwe peke yake, hata mara mbili kwa juma.

Na mwalimu huyo hulipwaje? Watoto wa PP1 na PP2 tangu Katiba ya 2010 wako chini ya kaunti, na walimu wao ndio walio chini kabisa katika ngazi ya mishahara ya elimu, wengi wakiwa kwa mikataba ya muda. Huko ndiko irabu zinakoanza! Twamlipa kidogo kuliko wote yule anayeweka jiwe la msingi, kisha twashangaa ukuta ukipinda. Katika shule za msingi walimu wachanga waliajiriwa kwa jina la mafunzo ya kazi, kwa Sh. 15,000 kwa mwezi, wakifanya kazi kamili ya mwalimu kamili. Mwaka 2024 Mahakama ya Ajira ilisema Tume ya Huduma za Walimu haikuwa na haki ya kuajiri watu kwa njia hiyo, na Tume ikakata rufani. Kwa mwalimu wa visiwani ondoeni nauli ya mashua katika fedha hiyo, mkahesabu kilichobaki. Mtu wa namna hiyo akipata uhamisho huondoka na maji ya kwanza, na watoto huanza upya na mtu mwingine, ambaye naye atawaimbisha "ei for apple", kwa kuwa ndivyo alivyoimbishwa yeye. Huko bara, Basuba, shule zilifungwa miaka kadhaa baada ya mashambulizi ya 2014, na watoto wa Waaweer hawakupata hata huo wimbo.

Basi tawi letu linadai hivi, na barua itakwenda kwa kaunti na kwa Wizara. Mtoto asomeshwe Kiswahili kwanza mpaka asome bila kusita, na wakati huo Kiingereza kiwe cha masikio na mdomo: hadithi, michezo, amri, majina ya vitu alivyo navyo. Akishika kusoma, aingie Kiingereza kwa sauti, aanze na maneno ambayo herufi zake zina adabu, "pen", "ten", "pot", "bus". Kisha zije zile zinazojitaja jina, namna moja moja. Wiki hizi e ya kivulini, wiki zile "ee" na "ea", baadaye "ai" na "ay", baadaye "oa", maana mtoto wetu akiona "boat" husoma "bo-at" na akiona "rain" husoma "ra-in", na ni haki yake mpaka aambiwe vingine. Walimu wote wa PP1 mpaka Gredi ya Tatu wapewe mafunzo ya kazi hii wakiwa kazini, mchana, kwa malipo, si Jumamosi kwa nauli zao. Wa kaunti waandikwe kazi ya kudumu. Darasa likizidi watoto 40 liletewe mwalimu wa pili. Na mwongozo wa Lamu uandikwe na walimu wa Lamu, wanaojua Kiamu na Kitikuu, pamoja na walimu wa vyuo vya Kurani walio tayari kukaa nao meza moja.

Wako watakaosema fedha hakuna. Fedha za kuchimba kina cha bahari hata meli kubwa ziingie zilipatikana.

Kwa wanachama wenye watoto wa Gredi ya Kwanza mpaka ya Tatu tunaomba jambo moja kabla ya mkutano wa tawi. Usiku mmoja mwandikie mwanao katika karatasi maneno haya manne: "pin", "pine", "cap", "cape". Usimfundishe, usimkemee, wala usimwite wa jirani akashindana naye. Andika alivyosoma kila moja, kwa herufi za Kiswahili, vile ulivyosikia kwa sikio lako: pin, pi-ne, pain, au vyovyote. Andika gredi yake, na idadi ya watoto wa darasa lake, jina lake usiliandike. Asiyejua kuandika aje na mtoto, katibu ataandika. Karatasi zote apewe katibu kabla ya mwisho wa mwezi, nazo zitabandikwa katika barua, moja baada ya nyingine.

Kamati ya Tawi